Mali Bila Daftari



Wazee wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Waliposema hivyo walikuwa wakifikiri juu ya duka, shamba na mifugo. Hawakuwa wameona kompyuta, wala hawakujua kuwa siku moja shule za wajukuu wao zingekuwa na chumba ambamo mali haionekani kwa macho wala haishikiki kwa mkono. Walakini methali yao inakifaa chumba hicho kuliko inavyolifaa duka. Duka likipotewa na gunia la sukari, pengo la gunia huonekana sakafuni. Kompyuta ikipotewa na programu haiachi pengo. Skrini yake huwaka kama ilivyowaka jana, na hasara hujulikana siku ile tu ambapo mwenye haja huja na haja yake, asipate cha kumtimizia.

Nataka kusema nawe habari ya kuhama. Kila baada ya miaka michache mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine zote, hutolewa kwa toleo jipya, na mwenye kompyuta hana budi kuiacha nyumba ya zamani na kuingia katika nyumba mpya. Programu alizozikusanya kwa miaka mingi ndizo vyombo vyake vya nyumbani. Avihamishe vipi? Nimesikia rai tatu katika shule zetu. Ya kwanza yasema: usihame. Ya pili yasema: hama na kila kitu. Ya tatu yasema: futa kila kitu, uanze upya. Zote tatu nazipinga. Lakini haki yataka mwenye kushtaki aanze kwa kukiri kosa lake mwenyewe, basi nisikilize kwanza.

Katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikifundisha palikuwa na chumba cha kompyuta ishirini na mbili. Likizo moja ya Desemba nilikabidhiwa kazi ya kuzitia mfumo mpya. Nilikuwa mfuasi wa rai ya tatu. Nilinakili barua, masomo na alama za wanachuo katika diski ya pembeni, nikafuta kila kilichobaki, nikaweka mfumo mpya, kisha nikafunga mlango kwa moyo wa mtu aliyefagia nyumba yake vizuri. Januari ilipofika niliwakaribisha wanachuo kwa majivuno. Kompyuta zilikuwa nyepesi na safi, na sifa hazikuwa haba. Nilipokuwa nikizipokea sifa hizo, mwanachuo mmoja asiyeona alikwenda mahali pake pa kila siku, penye kompyuta iliyo karibu na dirisha. Alivaa visikizio vyake masikioni, akabonyeza vitufe alivyovizoea, akangoja. Akabonyeza tena, akangoja tena. Kisha akaniita kwa sauti ya upole, akasema, "Mwalimu, mashine yangu imekuwa bubu."

Katika kompyuta ile palikuwa na programu iliyomsomea maandishi ya skrini kwa sauti, na sauti iliyojua kutamka Kiswahili, na mpango wa vitufe uliotengenezwa kwa ajili ya mikono yake. Vitu hivyo viliwekwa na mwalimu aliyenitangulia, naye alikuwa amekwisha hamishwa. Yeye hakuandika popote, nami sikumwuliza mtu. Kazi zote za mwanachuo yule nilizihifadhi. Haukupotea hata ukurasa mmoja. Lakini nilimpoka njia ya kuzifikia. Ilinichukua siku tisa kuuliza, kutafuta na kukusanya kile nilichokifuta kwa dakika moja. Katika siku hizo tisa wenzake waliandika maandalio yao ya masomo, naye alikaa akisomewa na rafiki kila rafiki alipopata nafasi. Mtu aliyekuwa akijitegemea nilimfanya mtegemezi, si kwa uovu, bali kwa kukosa karatasi moja. Tangu siku ile sicheki mtu akisema kuwa kuhamisha programu ni jambo dogo.

Tazama sasa jinsi programu zilivyo, maana ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Programu moja si kitu kimoja. Katika mifumo ya jamii ya Linux, kama vile Debian iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na Ubuntu iliyochipuka humo mwaka 2004, programu hutolewa katika furushi. Ndani ya furushi mna programu yenyewe pamoja na maelezo ya vitu vingine inavyovitegemea. Vitu hivyo aghalabu ni maktaba, yaani mafungu ya kazi zilizokwisha andikwa ambazo programu nyingi huzitumia kwa shirika: moja ya kuchora herufi, moja ya kufungua picha, moja ya kupokea habari za mtandao. Kila maktaba ina jina na nambari yake. Programu iliyoundwa kwa maktaba ya nambari fulani huitafuta kwa nambari hiyo hiyo. Mfumo mpya ujapo huja na maktaba mpya zenye nambari mpya, na za zamani huenda zikaondolewa. Programu ya zamani huamka, humwita jirani yake kwa jina ililolizoea, na jirani haitiki. Basi programu haianzi. Haikuharibika, imepotewa na majirani. Ukilifahamu jambo hili moja, utaweza kuzipima rai zote tatu bila msaada wangu. Hata hivyo, na tuzipime pamoja.

Watu wa rai ya kwanza hutukumbusha tusiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta inafanya kazi, wasema, kwa nini uiguse? Sikatai kuwa maneno haya yana busara ndani yake. Haraka ya kupenda mapya imewaletea watu wengi majuto. Lakini mbacha uliotoboka haumkingi mtu na unyevu wa ardhi. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba mwanya uliokuwamo katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka uo huo programu haribifu iitwayo WannaCry iliupitia mwanya ule ule, ikaenea katika nchi zaidi ya 150, ikiyafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali nyingi zilipatwa, na wagonjwa wakaahirishiwa miadi yao. Rekebisho lilikuwa limekaa karibu miezi miwili likiwangoja waliosema, "Inafanya kazi, usiiguse."

Tena mfumo wa zamani hauna marekebisho ya milele. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ila kwa yule aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda. Msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 ulikwisha Mei mwaka huo huo. Na anayekawia hakwepi safari, huirefusha. Mtu aliye katika Ubuntu 20.04 akitaka kupandisha mfumo wake mpaka 24.04 hana budi kupitia 22.04 kwanza, haruki ngazi. Basi rai ya kwanza haituepushi na kuhama. Yatufanya tuhame kwa kuchelewa, tukiwa na mzigo mkubwa zaidi na nguvu ndogo zaidi.

Watu wa rai ya pili ni wenye huruma na vitu vyao. Wao husema: chukua kila kitu kama kilivyo, nakili folda zote, usiache hata unyasi. Ningewasifu kama kuhamisha programu kungekuwa sawa na kuhamisha meza. Lakini meza haitegemei majirani. Mtu akiinakili folda ya programu kutoka Windows ya kompyuta moja na kuipeleka katika nyingine, mara nyingi huupata mwili asipate uhai, kwa sababu programu ile ilipowekwa iliandika habari zake katika rejista ya mfumo, na vitu vingine ilivyovihitaji iliviweka mahali pengine. Ni kweli kuwa Windows ikipandishwa bila kufutwa hujitahidi kuzihifadhi programu zilizomo. Lakini kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, na mwenyewe hulazimika kuhamia mashine nyingine au mfumo mwingine kabisa. Hapo unakili wa folda haumwokoi.

Chukua mfano wa pili. Ubuntu 22.04 ilikuja na lugha ya Python ya toleo 3.10, Ubuntu 24.04 ilikuja na toleo 3.12. Kila toleo lina folda yake ya vifurushi. Mwanafunzi aliyekuwa ameongeza vifurushi vya kuchora grafu au kukokotoa takwimu huviona bado vimo diskini baada ya kuhama, katika folda ya 3.10, lakini Python mpya haitazami huko. Hushangaa akasema, "Vitu vyangu vipo, mbona havipo?" Vipo katika nyumba ya zamani, naye anaishi katika mpya. Mfano wa tatu ni wa kampuni ya Apple. Toleo la macOS liitwalo Catalina, lililotoka mwaka 2019, liliacha kabisa kuendesha programu za biti 32. Aliyezibeba programu hizo alibeba picha zake tu; alipozifungua, hazikufunguka. Kubeba yote, basi, si kuhifadhi yote. Tena mwenye kubeba yote hubeba na yale asiyoyatumia, na nyufa zake, na uzee wake, mpaka nyumba mpya ikawa ghala la vitu asivyovijua mtu.

Rai ya tatu nimekwisha ihukumu kwa aibu yangu mwenyewe. Wafuasi wake hudhani kuwa mali ya kompyuta ni mafaili peke yake, na kwamba programu ni vyombo vya kuokota njiani. Lakini faili bila programu yake ni barua iliyofungwa ndani ya sanduku lisilo ufunguo. Kuanza upya ni kuzuri kwa mtu anayejua alichokuwa nacho. Kwa asiyejua, kuanza upya ni jina la adabu la kupoteza.

Basi njia ni ipi? Njia ni daftari. Andika ulicho nacho kabla ya kuhama, kisha katika nyumba mpya usiilete programu ya zamani, bali ilete mpya yenye jina lile lile, iliyoundwa kwa ajili ya mfumo mpya. Usiuchukue mwili, chukua jina, uliite upya. Hili si wazo langu. Mradi wa MacPorts, ulioanza mwaka 2002 kuwaletea wenye kompyuta za Apple programu huria, umewafundisha watumiaji wake kwa miaka mingi kuwa wakihamia toleo kuu jipya la macOS waandike orodha ya walivyo navyo, waviondoe, kisha waviweke upya kwa kuifuata orodha. Siku hizi ipo amri moja ya kuifanya kazi hiyo. Mwongozo wa mfumo wa FreeBSD nao huagiza kuwa baada ya kuvuka kwenda toleo kuu jipya, vifurushi vyote viwekwe upya. Watu hawa ni wajuzi wa kazi yao, nao hawakuchagua kunakili kila kitu wala kufuta bila kuandika. Walichagua orodha.

Lakini orodha yenyewe yataka akili. Katika kompyuta moja ya Ubuntu huenda pakawa na vifurushi zaidi ya elfu moja. Vingi humo hukuviomba wewe; viliwafuata wenzao kama watoto wanavyowafuata wazazi katika safari. Ukiviandika vyote kwa usawa, utajaza daftari na usijue kilicho chako. Andika ulivyoviomba, vinginevyo vitakuja vyenyewe, kwa majina mapya na nambari mpya zinazofaa. Mfumo huweka kumbukumbu ya tofauti hiyo. Katika Debian na Ubuntu amri ya apt-mark showmanual huvitaja vifurushi vilivyotiwa alama kuwa viliombwa. Katika Windows amri ya winget export huandika ndani ya faili majina ya programu inazozitambua. Usiiamini orodha ya mashine kama msahafu, maana yako yaliyowekwa na kiwekaji cha mfumo na ambayo wewe hukuyaomba, na ziko programu zilizotoka nje ya hazina ya kawaida ambazo mashine haijui zilikotoka. Isome kwa kalamu mkononi, ukate na kuongeza.

Daftari langu la leo lina safu tano. Ya kwanza ni jina la programu. Ya pili ni toleo lake. Ya tatu ni chanzo, yaani mahali ilipotoka. Safu hii ni muhimu, kwa kuwa Ubuntu inapopandishwa huzizima hazina za watu wa nje, na asiyeziandika hatazikumbuka. Ya nne ni mipango iliyobadilishwa baada ya kuiweka. Ya tano ni jina la mtu anayeitumia na sababu ya kuitumia. Safu nne za kwanza mashine yaweza kukusaidia kuzijaza. Ya tano hakuna mashine iwezayo. Kompyuta yajua kuwa ina programu ya kusoma kwa sauti. Haijui kuwa karibu na dirisha ameketi mtu ambaye bila programu ile hana chuo. Hiyo ni kazi ya mwanadamu, na mwanadamu asipoifanya haifanywi.

Ukiisha andika, weka nakala ya daftari nje ya kompyuta unayoihama, kwa sababu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba hakuuhifadhi. Nakili mafaili yote mahali pengine, ukajaribu kuifungua nakala hiyo. Hamisha kompyuta moja kwanza, si zote. Mwite kila mtu aliyetajwa katika safu ya tano, aketi mbele ya mashine hiyo na kuifanya kazi yake halisi, si kutazama tu. Programu isiyo na toleo linalofaa mfumo mpya itafutie mbadala mapema. Na kama haina mbadala, bakisha mashine moja ya zamani kwa ajili yake, iliyotengwa na mtandao. Hapo ndipo uziendee nyingine.

Najua neno litakalosemwa sasa. Litasemwa: "Mwalimu, haya ni mambo ya fundi." Hii ni rai ya nne, nami naichukia kuliko zile tatu, maana ndiyo mama yao. Katika shule nyingi mambo yote ya chumba cha kompyuta hukaa katika kichwa cha mtu mmoja. Yeye peke yake ajua kilichowekwa, kilikotoka na kwa nini. Maadamu yupo, mambo huenda. Lakini walimu huhamishwa, mafundi hupata kazi kwingine, na kila binadamu huugua. Siku aondokapo, huondoka na daftari la shule ndani ya fuvu la kichwa chake, na anayemfuata hukuta vyumba vimejaa vitu visivyo na majina. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa mtu mwema na hodari. Wema wake haukumfaa mwanachuo yule siku moja baada ya kuondoka kwake, kwa sababu haukuandikwa. Elimu isiyoandikwa ni mkopo ambao shule yaweza kudaiwa wakati wowote.

Wengine hulificha daftari kwa makusudi, wakidhani kuwa kutojua kwa wenzao ndiyo heshima yao. Kwa hao sina maneno ya upole. Fundi anayeogopa kuandika anachokijua anakiri kuwa thamani yake ni siri yake, si kazi yake.

Kwa hiyo nasema nawe, mwanafunzi, wala si na fundi. Chumba cha kompyuta cha shule yako ni chako kama ubao ulivyo wako. Mwombe mwalimu wako ruhusa, ununue daftari la kurasa chache, wewe na wenzako mwaandike yaliyomo. Mwulize kila anayeingia: watumia nini, na kwa nini? Utastaajabu kuona jinsi watu wakaao chumba kimoja wasivyojua haja za wenzao. Asiyefanya hivi katika shule yenye kompyuta kumi, usidhani atafanya siku atakapopewa kompyuta mia moja za wizara au hospitali. Na huko, programu iliyosahauliwa haitamnyima mtu maandalio ya somo tu.

Yule mwanachuo amekwisha hitimu, naye ni mwalimu sasa. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama programu yake imeandikwa. Nikamjibu kuwa ndiyo mstari wa kwanza wa daftari. Akasema, "Nisomee." Nikamsomea safu zote tano. Alipolisikia jina lake katika safu ya tano, alitikisa kichwa, akaniambia niliache hapo, kwa sababu huenda siku moja akaja mwingine asiyeona, na yule atakayekuwa na zamu ya kuhamisha awe mtu asiyemjua.

Jina lake bado lipo. Nenda nawe ukaandike.